Walijenga Shule Nzima Kumzuia Mtu Mmoja

Tarehe 12 Januari 1948, Mahakama ya Upeo ya Marekani iliamua kwamba Ada Lois Sipuel, mwanamke Mweusi wa miaka 23, ana haki ya kusomeshwa sheria na jimbo lake la Oklahoma, tena kwa wakati uleule ambao jimbo linawasomesha wengine. Shule ya sheria ya jimbo ilikuwepo tayari, katika Chuo Kikuu cha Oklahoma mjini Norman. Walimu walikuwepo, vitabu vilikuwepo. Kilichotakiwa ni kiti kimoja tu.

Oklahoma ilitafuta kila kitu isipokuwa hicho kiti. Wiki mbili baadaye ilitangaza kwamba shule mpya ya sheria, ya watu Weusi, iko tayari kufunguliwa. Shule yenyewe ilikuwa vyumba vya Seneti ndani ya jengo la bunge la jimbo, Oklahoma City, pamoja na mawakili watatu walioajiriwa haraka haraka kufundisha. Ati hiyo ndiyo ingekuwa sawa na ile ya Norman. Sipuel alikataa kukanyaga hapo hata siku moja.

Nimesoma kuhusu kesi hizi kwa muda sasa, na kuna kitu kinachonisumbua kuliko matusi na vitisho vilivyokuwepo. Ni ile bidii. Serikali za majimbo zilikuwa tayari kulipa nauli, kutoa basari, kukodi jumba, kununua vitabu, hata kuanzisha chuo kikuu kizima, mradi tu mtu mmoja asikae darasani na wengine. Na bidii hiyo yote ilikuwa na faida moja kubwa kwa wenye nguvu: ilikula muda. Chuo kina miaka mia moja ya kusubiri. Mwombaji ana ujana wake tu.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu jambo moja. Hapa kwetu mtu anatoka kidato cha nne na alama zake nzuri, anaingia chuoni kusomea sheria moja kwa moja. Marekani si hivyo. Kule unamaliza digrii ya kwanza, halafu ndipo unaomba nafasi katika shule ya sheria. Kwa hivyo sheria ni masomo ya baada ya digrii, sawa na uzamili na uzamifu. Na ni katika lango hilo, si lile la shule za msingi, ambapo ukuta wa ubaguzi ulianza kupasuka.

Haikuwa bahati. Mwaka 1896 Mahakama ya Upeo ilikuwa imeamua, katika kesi ya Plessy, kwamba kutenga Weusi na Wazungu si kosa ikiwa huduma wanazopewa ni sawa. Majimbo ya kusini yakashika neno "kutenga" kwa mikono miwili na kulisahau neno "sawa". Wakili Mweusi aliyeitwa Charles Hamilton Houston, aliyesomea Harvard kisha akaiongoza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, aliona mwanya hapo. Yeye na shirika la kutetea haki za Weusi, NAACP, walipiga hesabu.

Ukienda mahakamani kuhusu shule za msingi, jimbo litaleta picha za majengo. Litasema hii ina madirisha na ile ina madirisha, na mtabishana hadi mzeeke. Lakini kwenye masomo ya uzamili majimbo mengi ya kusini hayakuwa na chochote kwa Weusi. Hakuna jengo, hakuna mwalimu, hakuna hata ubao. Sufuri huwezi kuiita sawa. Isitoshe, waombaji walikuwa wachache na watu wazima, kwa hivyo ile hofu ya wazazi Wazungu kuhusu watoto wao ingekuwa ndogo kidogo. Na majaji wenyewe walikuwa wamepitia shule za sheria. Huwezi kumdanganya jaji kuhusu kile kinachomfanya mtu awe wakili.

Mwombaji wa kwanza aliyefaulu kwa mpango huo alikuwa Donald Gaines Murray, kijana mwenye digrii kutoka Amherst College. Mwaka 1935 aliomba kuingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland, mjini Baltimore. Chuo kilimjibu kwa adabu kabisa. Kilimwelekeza kwenye taasisi ya Weusi ya Princess Anne, ambayo haikuwa ikifundisha sheria. Halafu kulikuwa na basari: jimbo lilitenga nafasi 50 za dola 200 kila moja kwa Weusi waliotaka kwenda kusoma nje ya jimbo. Mamia walichukua fomu.

Houston alimwakilisha Murray pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Thurgood Marshall. Marshall alikuwa kijana wa Baltimore. Shule hiyo ya Maryland ilikuwa mjini kwao, lakini haikupokea watu wa rangi yake. Kwa hivyo yeye alipanda treni kila siku kwenda Howard, Washington, na kurudi jioni, na mama yake aliweka pete zake rehani ili karo ipatikane. Alimaliza mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Miaka miwili baadaye alisimama mahakamani kukishtaki chuo kilekile ambacho hakikumtaka. Jaji wa Baltimore aliamuru Murray aingizwe, na mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikakubaliana naye. Murray alihitimu mwaka 1938. Hakuna shule iliyojengwa, kwa sababu muda haukutosha kujenga. Majimbo mengine yaliona na yakajifunza.

Missouri ilijifunza vizuri zaidi. Lloyd Gaines alizaliwa Mississippi, familia ikahamia St. Louis, na mwaka 1935 akamaliza digrii katika Lincoln University, chuo cha Weusi cha jimbo. Akaomba nafasi katika shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Missouri. Alama zake hazikuwa na tatizo. Jibu lilikuwa kwamba kuna utaratibu kwa ajili yake: jimbo litamlipia karo akasomee kwingine, Kansas au Nebraska au Iowa au Illinois, ambako Weusi wanakubaliwa. Na ikiwa hapendi hivyo, Lincoln iko na siku moja itaanzisha shule yake ya sheria, pale bodi itakapoona haja.

Ukiiangalia haraka unaweza kusema, si wamemlipia? Shida iko wapi? Shida ni kwamba Gaines hakuwa ameomba nauli. Alitaka kuwa wakili Missouri, ajue sheria za Missouri, asome na watu ambao kesho watakuwa majaji na wabunge wa Missouri. Ukimpeleka Iowa, unamlipia aondoke. Tarehe 12 Desemba 1938 Mahakama ya Upeo ilisema jambo hilo wazi, kupitia Jaji Mkuu Charles Evans Hughes: jimbo haliwezi kumbebesha jirani wajibu wake. Kama linawapa Wazungu elimu ya sheria ndani ya mipaka yake, liwape Weusi pia humo humo.

Missouri ikasoma hukumu kwa jicho la mwanasheria mjanja. "Ndani ya mipaka" haimaanishi "ndani ya darasa lile." Bunge likatenga pesa, na mwaka 1939 shule ya sheria ya Lincoln ikafunguliwa mjini St. Louis, kwenye jengo la Poro College, chuo kilichokuwa kikifundisha wanawake mambo ya urembo na nywele. Mawakili wa NAACP walijiandaa kurudi mahakamani kuonyesha kwamba shule hiyo si sawa na ile ya chuo kikuu.

Walimhitaji Gaines. Gaines hakuwepo.

Katika ile miaka ya kusubiri alikuwa amesomea uchumi kwa kiwango cha uzamili huko Michigan, akarudi, akafanya vibarua, akazunguka miji akihutubia mikutano kuhusu kesi yake. Pesa zilimwishia. Mwanzoni mwa Machi 1939 alimwandikia mama yake barua kutoka Chicago, akisema kwamba wakati mwingine anatamani angekuwa mtu wa kawaida tu ambaye jina lake halijulikani na yeyote. Usiku wa tarehe 19 Machi, akiwa Chicago, alitoka nyumba aliyokuwa amefikia akisema anaenda kununua stempu. Hakuonekana tena. Kuna waliosema aliuawa, kuna waliosema alilipwa akaenda Mexico, kuna waliosema alichoka tu akajificha. Hakuna aliyewahi kuthibitisha. Kesi ilikufa kwa sababu mlalamikaji hayupo, na Chuo Kikuu cha Missouri kikaendelea bila Weusi kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2006 chuo hicho kilimpa Gaines digrii ya heshima ya sheria, na jimbo likampa leseni ya uwakili. Alikuwa ametoweka miaka 67 kabla.

Sasa turudi Oklahoma, maana pale ndipo mchezo ulipofika kilele. Kwanza walimfikiria kaka yake Sipuel, Lemuel. Lakini Lemuel alikuwa ametoka vitani, vita vimeshamla miaka, hakutaka kesi imle mingine. Akaenda zake Howard. Dadake akasema yuko tayari. Mwezi Januari 1946, akiwa na miaka 21, alifika Norman na makaratasi yake. Rais wa chuo, George Lynn Cross, hakuwa mtu mbaya. Alikubali kumwandikia barua inayosema kwamba kinachomzuia ni rangi yake, ili apate cha kwenda nacho mahakamani. Hebu fikiria, barua ya kukataliwa unayoandikiwa kwa hisani. Sheria ya jimbo ilikuwa imemfunga Cross mikono: mkuu wa chuo aliyechanganya Weusi na Wazungu angeweza kutozwa faini ya hadi dola 500 kwa siku, na hata mwanafunzi Mzungu aliyekaa darasa hilo angetozwa.

Baada ya ile shule ya vyumba vya Seneti kuanzishwa, wanafunzi Wazungu wa Norman waliandamana. Walichoma nakala ya Rekebisho la 14 la Katiba, lile linaloahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na wakamtumia Rais Truman majivu kwa posta. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba "zama zile watu hawakujua." Walijua. Hata vijana wa miaka ishirini walijua.

Wakati Sipuel anaendelea kubishana mahakamani, mwalimu mmoja mstaafu, George McLaurin, aliomba kusomea uzamifu wa elimu Norman. Huyu alikuwa mzee, tayari ana digrii ya uzamili, na mahakama ya shirikisho ikaamuru aingizwe mwaka 1948. Chuo kikatii. Kikamweka kwenye kijichumba kilichopakana na darasa, asikilize mhadhara kupitia mlango. Maktabani alipewa meza yake ghorofani, asikae na wengine. Kwenye mkahawa alikula saa tofauti, mezani pake peke yake. Baadaye walimsogeza ndani ya darasa, lakini wakazungushia sehemu yake reli yenye kibao cha kuonyesha kwamba hapo ni pa Weusi.

Mzee wa watu, aliyefundisha miaka yote hiyo, anazungushiwa reli kama ng'ombe wa maonyesho.

Sipuel mwenyewe aliingia Norman mwezi Juni 1949. Miaka mitatu na nusu tangu aombe. Naye alipewa kiti cha nyuma chenye alama yake. Alihitimu, akawa wakili, akafundisha Langston, chuo kile cha Weusi alichosomea. Ile shule ya vyumba vya Seneti ilifungwa mwaka uleule wa 1949, bila sherehe.

Texas nayo ilikuwa na pesa kuliko wote, kwa hivyo ilijenga kuliko wote. Heman Sweatt alikuwa msambaza barua wa posta mjini Houston, na digrii yake alikuwa nayo kutoka Wiley College. Tarehe 26 Februari 1946 alifika ofisini kwa rais wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Theophilus Painter, na nakala za alama zake mkononi. Painter alikuwa mwanasayansi wa jenetiki anayeheshimika, maarufu kwa kuhesabu kromosomu za binadamu na kupata 48. Ziko 46, na dunia ilikaa zaidi ya miaka 30 ikimwamini. Mkuu wa Sheria wa jimbo alisema Sweatt anastahili kwa kila njia isipokuwa rangi.

Mahakama ya Austin ilikubali kwamba Sweatt ananyimwa haki yake. Halafu badala ya kuamuru aingie, ikalipa jimbo miezi sita lijipange. Miezi sita! Yaani aliyekosewa ndiye anayesubiri, na aliyekosea ndiye anayepewa nafasi. Mwezi Machi 1947 shule ya muda ilifunguliwa kwenye vyumba vya chini vya jengo moja karibu na bunge la Texas. Siku ya kufungua, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejisajili. Sweatt alikataa. Wakati huohuo bunge lilipitisha mamilioni ya dola kuanzisha chuo kikuu kipya cha Weusi mjini Houston, chenye shule ya sheria ndani yake. Si wote Austin waliopenda mambo hayo. Wanafunzi Wazungu wa chuo kikuu waliunda tawi la NAACP na kuchanga pesa za kesi.

Ilipofika Mahakama ya Upeo, hesabu ilikuwa imewekwa mezani. Shule ya Austin: walimu 16 wa kudumu na 3 wa muda, wanafunzi 850, vitabu zaidi ya 65,000. Shule ya Houston: walimu 5, wanafunzi 23, vitabu 16,500, na mhitimu mmoja tu aliyekubaliwa kuwa wakili. Majaji wangeweza kuishia kwenye hesabu hiyo na kuiambia Texas iongeze vitabu. Hawakuishia hapo. Tarehe 5 Juni 1950, wote kwa sauti moja, walisema kuna mambo ambayo huwezi kuyahesabu na ndiyo yanayoifanya shule ya sheria kuwa kubwa: sifa ya walimu, uzito wa waliohitimu, jina lake mbele ya watu. Na wakaongeza kwamba ukimtenga mwanafunzi wa sheria na asilimia 85 ya watu wa jimbo, ambao ndio mawakili, mashahidi na majaji atakaokutana nao kazini, umemnyima elimu yenyewe. Siku hiyohiyo waliamua pia kesi ya McLaurin: reli, kijichumba na meza ya peke yake vinamzuia mtu kujadiliana na wenzake, na kusoma bila kujadiliana si kusoma.

Houston, aliyeupanga mpango huu wote tangu mwanzo, hakuisikia hukumu. Alifariki mwezi Aprili, wiki chache tu kabla. Marshall ndiye aliyeubeba, na miaka minne baadaye akaupeleka hadi kwenye shule za msingi, katika kesi ya Brown.

Vitabu vingi vinamwacha Sweatt hapo, siku ya ushindi. Mimi namfuata mbele kidogo. Aliingia darasani Septemba 1950, miaka minne na nusu tangu aombe. Katika siku za kwanza msalaba ulichomwa moto karibu na shule. Magurudumu ya gari lake yalichanwa. Alikuwa ameshachoka tayari kabla hata ya mhadhara wa kwanza: vidonda vya tumbo, kisha upasuaji uliomkosesha masomo kwa wiki kadhaa, kisha ndoa ikavunjika. Mwaka 1952 aliondoka bila digrii.

Mimi pia niliacha chuo, mwaka wa pili, na sitajifanya kwamba kisa changu kinakaribia chake. Yangu yalikuwa mambo ya karo tu, kama ya wengi. Lakini najua watu wanavyomwangalia mtu aliyeacha. Wanauliza "ulishindwa?" kwa sauti ile ya kuhurumia. Na nimeona maandishi yanayomwelezea Sweatt hivyohivyo: alishinda kesi, akashindwa masomo. Ni kama kumpiga mtu viboko miaka minne halafu kumpeleka uwanjani na kushangaa mbona hakimbii. Sweatt aliendelea na maisha. Alipata digrii ya uzamili katika kazi za kijamii kutoka Atlanta University mwaka 1954, akafanya kazi ya haki za Weusi kwa miongo kadhaa. Akili haikuwa tatizo. Kilichoisha ni nguvu, na nguvu hiyo iliishia foleni.

Kisa hiki kina mguu wake hapa kwetu, na si wa kubandika. Mkenya Mwafrika aliyetaka kusomea sheria kabla ya 1961 hakuwa na pa kusomea Afrika Mashariki yote. Kitivo cha kwanza cha sheria kilifunguliwa mwaka huo Dar es Salaam. Kabla ya hapo ilikuwa ni kusafiri hadi Uingereza, India au kwingine, kwa yeyote aliyepata wa kumlipia. Gaines angeelewa mara moja: unaweza kuwa wakili, lakini si hapa.

Na Januari 1960 Thurgood Marshall mwenyewe alifika Kenya. Tom Mboya alikuwa amemwomba awe mshauri wa ujumbe wa Waafrika kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Alisimulia baadaye kwamba huko Kiambu afisa wa kikoloni alimkataza kuhutubia mkutano. Akaomba aruhusiwe kusalimia kwa neno moja tu. Akaruhusiwa. Akapanda juu akapaza sauti: "Uhuru!" Watu wakalipuka. London aliandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya huru, na ndani yake aliweka ulinzi wa walio wachache, wakiwemo Wazungu na Wahindi. Mtu aliyenyimwa kiti mjini kwao anaandika sheria ya kuhakikisha kwamba wale waliowanyima wenzetu viti hawatanyimwa vyao. Ukiuliza alijifunza wapi uangalifu huo, angalia zile kesi za udahili. Miaka 15 alikuwa akiona jinsi neno "sawa" linavyoweza kupindwa na mtu mwenye bajeti.

Ndiyo maana nadhani historia hii si ya Wamarekani peke yao. Leo hakuna chuo kitakachokuandikia kwamba hutakiwi. Utaambiwa faili inashughulikiwa. Utaambiwa bodi haijakaa. Utaambiwa kozi yako haina msimamizi mwaka huu, lakini kuna nafasi katika kozi nyingine, kampasi nyingine, awamu ijayo. Mara nyingi ni kweli, na mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Lakini maswali ya Houston bado yanafaa kuulizwa kwa sauti ya kawaida pale dirishani. Kwa nini si hapa? Mpaka lini? Na anayesubiri ni nani, mimi au nyinyi? Sipuel alisubiri miaka mitatu na nusu, Sweatt minne na nusu. Hakuna mahakama iliyowahi kuwarudishia.

Majengo yao yamebaki, kwa namna ya ajabu. Mwaka 1992 Sipuel aliteuliwa katika bodi inayosimamia Chuo Kikuu cha Oklahoma, bodi ileile iliyomkataa. Mahakama ya Austin ambapo jaji aliipa Texas miezi sita inaitwa jina la Heman Sweatt tangu 2005. Na ile shule ya sheria iliyoanzishwa ili Sweatt asiingie Austin haikufa. Ilikua. Iko Houston hadi leo, ndani ya Texas Southern University, na imetoa mawakili wengi Weusi wa jimbo hilo. Kwenye fomu ya kuomba nafasi pale utakuta jina la shule: Thurgood Marshall School of Law. Ni jina la wakili aliyekwenda Mahakama ya Upeo kusema kwamba shule hiyo haitoshi.